Unga wa Figo na Ufunguo wa Wifi

Jumapili, 5 Januari

Namshukuru Mungu, leo nimeamka bila maumivu.

Sijawahi kuandika shajara. Shule niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeandika barua za rambirambi na za kuomba udhuru, basi. Lakini mwenye jambo moyoni humweleza shoga yake, na shoga yangu mimi ni wifi yangu, dada wa mume wangu, na huyo nimeshamchosha. Siku zote nilizolazwa alikaa kando ya kitanda changu, hata mume wangu akatania, "Hapa sijui nani kaolewa na nani." Sasa acha nilichoshe daftari.

Ilianza kazini, nikiwa napiga pasi mashuka. Ubavu wa kushoto ulishikwa kama mtu kaingiza pasi ya moto kwa ndani akaisahau. Nimezaa watoto watatu. Jiwe lile lilikuwa uzazi wa nne, na halikuwa na huruma ya wale watatu. Wifi ndiye msimamizi wetu. Aliacha kila kitu, akasimamisha gari la kupeleka mashuka, akanipakia juu ya mafurushi safi. Nikatapikia foronya za watu. "Tapika, wifi, zitafuliwa tena," akaniambia. "Finya mkono wangu. Finya!" Alama za kucha zangu bado anazo kiganjani.

Jiwe lilitoka lenyewe, dogo kama punje ya mtama. Nilikasirika. Kwa kelele nilizopiga nilitegemea kokoto.

Furaha haikudumu. Daktari wangu ni binti mwenye miwani, angeweza kuwa mwanangu. Alinionyesha picha yangu ya ndani. Figo ya kulia ilishasinyaa zamani, imekuwa kama kunde kavu, na mimi sikujua. Naishi kwa ya kushoto peke yake, na ndani yake limebaki jiwe jingine.

"Hili likikua likaziba njia, mama, huna figo ya akiba," alisema.

Amenipa unga wa sitrati wa kwenye pakiti ndogo. Alinieleza pole pole, Mungu ambariki. Mkojo wangu ni mzito na mkali. Sitrati inaupunguza ukali, na inazishika zile chumvi zisigandamane zikawa jiwe. "Lakini inafanya kazi ndani ya maji, mama. Pakiti moja, glasi kubwa ya maji, baada ya kula, asubuhi, mchana na jioni. Na katikati unywe maji tena, mpaka mkojo uwe mweupe."

"Kama maji ya suuza ya tatu," nikasema.

Akacheka. "Hayohayo. Mwisho wa Machi tupige picha tena."

Alhamisi, 9 Januari

Nimerudi kazini.

Chumba chetu cha pasi kiko nyuma ya mashine za kufulia. Madirisha yako juu karibu na dari, ya kuingiza mwanga, si hewa. Kuna meza sita, pasi za mvuke zinazoning'inia kwa mipira yake, na rola kubwa la mashuka ambalo likianza kuzunguka hakuna anayesikika isipokuwa Chiriku. Chiriku ni jirani yangu wa meza. Tumempa jina la ndege kwa sababu hanyamazi. Tunanyoosha mashuka ya hoteli na ya hospitali, na leo nimekutana na shuka lenye muhuri wa wodi niliyolazwa. Nimelinyoosha kwa adabu.

Choo kiko ng'ambo ya ua. Zamani kilikuwa wazi. Tajiri, mwenye dobi hii, akasema wanawake wanakwenda huko kupiga simu, akatia kufuli, ufunguo akampa wifi. Wifi ameufunga kwenye henga, ile ya chuma ya kutundikia nguo, ili usipotee, na henga ameitundika nyuma ya kiti chake. Ukitaka kwenda unasimama mbele za watu unaomba henga. Ruhusa ni kabla ya chakula na baada ya chakula. Kwa hiyo tumejizoeza, ukishaingia kazini hunywi. Tunashinda ndani ya mvuke na midomo imetukauka kama samaki wa kuanikwa, na hatuoni ajabu. Tena tunajisifu. "Mimi ngamia, shoga yangu," husema Chiriku. "Nikinywa leo, nimekunywa hadi keshokutwa."

Leo niliomba henga nje ya wakati. Wifi akanipa, kisha akanifuata mlangoni.

"Wifi yangu, wewe mgonjwa, sikunyimi. Ila hawa wakiona nakupa wewe, kesho wote watakuwa na figo."

Nikamwonea huruma. Ana haki, nikajisemea. Naye ana bosi wake.

Ijumaa, 10 Januari

Joto. Henga nimeiomba mara moja tu.

Jumanne, 14 Januari

Nimepata njia. Glasi kubwa ndiyo inayonipeleka ng'ambo ya ua, basi dawa ya mchana naikoroga kwenye kikombe kidogo cha kahawa. Inakuwa nzito, ina chumvi na uchungu wa mbali, kama kulamba ukuta uliopakwa chokaa. Funda moja imekwisha. Pakiti ni ileile, nimeimeza yote, haikumwagika hata chembe. Maji ni gari tu la kuipeleka, na mzigo umefika.

Nilipomweleza wifi alifurahi mpaka akanishika bega. "Unaona? Mungu humfungulia mja wake njia. Si una dawa sasa? Kazi ya kulinda figo iachie dawa."

Tukagawana mkate wake. Mola anizidishie mawifi kama huyu.

Jumamosi, 18 Januari

Jioni kikundi chetu cha sala kilikutana kwa wifi. Nilitoa ushuhuda. Niliwaeleza maumivu, jiwe, picha, figo iliyobaki na unga wa sitrati, na jinsi ninavyofanya kazi kutwa sasa bila hata kuhitaji maji. Wakapiga makofi. Wifi aliimba kwa nguvu kuliko wote. Nilirudi nyumbani moyo umejaa.

Jumatano, 22 Januari

Joto. Wingu moja lilipita asubuhi likaenda kwa wengine.

Jumatatu, 3 Februari

Yule mwanamke wa meza ya mwisho, mwembamba, mama wa mapacha, leo kakunjamana juu ya rola. Ubavu. Nilijua kabla hajafumbua mdomo. Nilimfuta jasho nikampa mkono wangu afinye, kama wifi alivyonipa.

Tajiri alikuja mwenyewe na viatu vyake visivyopenda majimaji. "Hili jiwe ni ugonjwa wa kuambukiza?" akauliza.

Chiriku akajibu kwa chini, "Ndiyo, bosi, tunaambukizwa na kufuli." Pasi zikafoka, tajiri hakusikia. Wifi alisikia.

Alhamisi, 6 Februari

Wifi kaingia asubuhi na boksi kifuani, uso unang'aa kama mtu aliyetoka kuposa. Unga wa sitrati, kwa chumba kizima. Kamshawishi tajiri, tajiri kamtuma kwa muuza dawa. Kila mtu atapata pakiti yake mchana, baada ya chakula.

"Msione jiwe ni kudra," alitutangazia. "Mwangalieni wifi yangu. Anakunywa dawa, anapiga pasi, hana habari ya choo. Tajiri amewajali, nanyi mjali kazi."

Kisha akatugawia, na vikombe vidogo vya kahawa. Vyangu. Nilivyoanzisha mimi.

Sijui kwa nini sikutaka kuvitazama. Nilipaswa kufurahi. Chiriku aliikung'uta pakiti sikioni kama kiberiti. "Hii inaendana na vidonge vyangu vya presha?"

"Dawa ya figo na dawa ya presha zinagombania nini?" wifi akamjibu. "Kunywa, ndege wewe, uache kelele."

Chiriku akanitazama mimi. Nikamwambia, "Mimi imenifaa, shoga." Akanywa, akakunja uso. "Ingekuwa na sukari ningeitungia wimbo."

Jumatatu, 10 Februari

Joto. Ua umekuwa mweupe, macho yanauma ukiutazama. Henga haikutoka kitini siku nzima.

Jumatano, 12 Februari

Nilikwenda kwa daktari kupimwa damu. Akauliza, "Maji unakunywa kiasi gani, mama?"

"Mengi," nikasema.

"Mengi ni mangapi?"

"Jagi na nusu hivi."

Akaandika. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa. Mimi ndiye huwafundisha wajukuu kwamba uongo mdogo haupo. Mficha maradhi, wahenga walisema, lakini mimi maradhi sikuficha. Nilimficha wifi na henga yake.

Jumanne, 18 Februari

Chiriku leo hakuongea. Nilimuuliza kama tumemuudhi. Akasema miguu yake mizito, kama kavaa mashuka mabichi.

Alhamisi, 20 Februari

Acha niandike pole pole.

Chiriku tangu asubuhi alikuwa anaishika meza. Akisogea anaishika, akisimama anaishika. Akaniambia moyo wake unaruka hatua, unapiga, unanyamaza, unapiga mara mbili kufidia. Nikamwambia akae. Akasema akikaa wifi atakuja. Ulipofika mchana wifi alipita na pakiti zake. Chiriku akasema, "Leo naomba uniache, dada, sijisikii."

"Ndiyo maana unywe."

Mimi nilikuwa pale, wa karibu kuliko wote. Niliona mkono wa Chiriku hauwezi hata kuchana pakiti. Wifi akamchania. Nami, Mungu wangu, nikashika kikombe asimwage.

Haikuchukua muda mrefu. Alikuwa anakunja shuka, mimi nimeshika ncha mbili na yeye mbili, tunakutana katikati kama tulivyokutana maelfu ya mara. Mara hii hakufika. Alishuka chini na ncha zake mkononi, shuka likamfunika. Kwa pumzi moja nilidhani anafanya mzaha, maana ndiye Chiriku. Nikamwambia, "Amka, shoga, sakafu chafu."

Kisha nikapiga kelele.

Hospitali walimchukua mbio. Daktari wangu mwenye miwani ndiye aliyetoka kuniuliza amekula nini, amekunywa nini. Nikamweleza unga. Nikamweleza vidonge vya presha. Akavua miwani. Ile sitrati tuliyonayo, alisema, imebebwa na potasiamu. Vidonge vya presha vya aina ile anayotumia Chiriku huizuia potasiamu isitoke mwilini. Hii ikaongeza, ile ikafunga mlango, na mwili wenyewe umekauka. Ikijaa kwenye damu, moyo hupoteza njia.

"Nani alimwandikia?" akauliza.

Nikatazama mikono yangu.

"Mama, wewe nilikupima damu kabla sijakupa. Hii dawa ni nzuri, lakini si peremende."

Yu hai. Wamemuunganisha na mashine inayochora moyo wake. Nimekaa nje nikisali, na kila nikifumba macho naona mkono wangu umeshika kikombe.

Ijumaa, 21 Februari

Tajiri alitukusanya. Anataka kujua nani kawapa watu dawa bila cheti. Nilimtazama wifi nikingoja aseme, "Mimi, bosi, kwa idhini yako." Kila mtu alikuwa anamtazama.

Wifi akakohoa. "Bosi, hii habari ya unga ililetwa humu na wifi yangu. Ndiye mwenye dawa. Aliwatolea watu ushuhuda, wakaitaka. Mimi nilitafuta tu ya kutosha."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Alikuwa anakwangua kiganja chake, palepale penye kucha zangu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimefua na kunyoosha nguo miaka yote hii, sikuwahi kuitafuta maana yake.

Jumapili, 23 Februari

Mume wangu ni fundi baiskeli. Akiwa na neno gumu hutafuta cha kukaza. Leo alikuwa anakaza mguu wa meza ambao haukulegea.

"Dada yangu ni mjane," alisema. "Akiachishwa kazi atakula wapi? Wewe nyamaza, litapita. Damu nzito kuliko maji, mama watoto."

"Figo yangu haitaki damu," nikamjibu. "Inataka maji."

Akaacha kukaza. Hatujazungumza tena mpaka naandika hapa.

Jumanne, 25 Februari

Chiriku amekaa kitandani, sauti imebaki nusu. Nilikwenda kumwomba msamaha, maneno nimeyapanga njia nzima, nikafika nikalia tu.

"Nyamaza, unanilowesha shuka, nani atalipiga pasi?" akasema. Kisha akanishika kidole. "Wewe ulisema imekufaa. Ni kweli imekufaa?"

"Sijui."

"Hujui! Na umetutolea ushuhuda mzima!" Akacheka, mashine ikalia, muuguzi akatukaripia. Alipoondoka Chiriku akaninong'oneza, "Shoga, sisi hatukuwa na shida ya unga. Tulikuwa na shida ya ufunguo. Unga ulikuja ili ufunguo ukae pale pale."

Mwanamke tuliyempa jina la ndege. Miezi miwili nimesali niipate akili hiyo.

Alhamisi, 27 Februari

Nimekwenda kwa daktari nikamwambia kweli yote. Kikombe cha kahawa, jagi la uongo, henga. Nilitegemea anikaripie. Aliyaandika yote neno kwa neno, ikawa mbaya zaidi.

"Mama, wewe ni mtu wa kufua," akasema mwishowe. "Ukitia sabuni kwenye shuka kavu, linatakata?"

"Halitakati."

"Basi."

Ameniandikia cheti cha mwajiri. Ninywe maji kutwa, niende haja kila ninapotaka. Kipigwe muhuri, nikasema. Akakipiga miwili.

Jumatatu, 3 Machi

Wifi amekisoma cheti mpaka mwisho, akakikunja vizuri kama foronya, akakitia mfukoni. "Nitampa tajiri." Henga hakunipa.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Cheti bado kiko mfukoni mwake, nimekiona kikichungulia.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefika na jagi langu kutoka nyumbani. Nikaliweka juu ya meza yangu, mbele ya pasi. Asubuhi nilikunywa dawa kwa glasi kubwa kama nilivyoagizwa, nikaendelea kunywa. Wanawake wakawa wananitazama kama ninayekunywa pombe.

Nikamwendea wifi. "Naomba henga."

"Bado saa ya chakula, wifi."

"Naomba henga. Cheti unacho."

"Cheti anacho tajiri."

"Cheti unacho mfukoni, wifi, nakiona."

Pasi zote zikawekwa chini. Rola peke yake likawa linazunguka. Akainuka, akasogeza uso wake karibu na wangu, akaongea kwa ile sauti ya kando ya kitanda cha hospitali. "Usinidhalilishe mbele yao. Nikikufungulia wewe leo nimefungua kwa wote, na tajiri ameniambia nikifungua nitoke. Unataka nitoke? Mimi mwenyewe sinywi, mbona sifi? Vumilia kidogo tu. Tumevumilia mangapi."

Nikaona midomo yake. Imepasuka kama ua ule. Nilimwonea huruma, siwezi kusema uongo tena humu. Lakini huruma hiyo nimeibeba miaka, na imeshaniulia nusu ya figo nilizopewa na Mungu.

Nikarudi mezani kwangu. Nikanywa glasi nyingine, pole pole, nikimtazama. Nikachukua shuka la hospitali nikalitandika, nikaanza kulinyoosha kuanzia pindo.

Sikupanga. Nilidhani nitavumilia, kwa kuwa ndicho nilichojifunza kuliko kitu kingine chochote. Kisha nikajiuliza, navumilia kwa ajili ya nani? Na mwili wangu ukajibu kabla yangu.

Maji yalishuka miguuni yakaenea kwenye saruji. Sikuondoka mezani. Sikuacha kupiga pasi. Nilimaliza pindo, nikageuza shuka, nikanyoosha upande wa pili. Nilikuwa nalia, sikatai, lakini shuka lile halina hata mkunjo mmoja.

Mama wa mapacha akaja na dekio. Akadeki kunizunguka kwa upole, kama mtu anayedeki kuzunguka mahali pa sala.

Wifi alisimama na henga mkononi. Alikuwa ameitoa kitini, sijui saa ngapi. "Umetuaibisha ukoo mzima," akasema.

"Aibu niliyokuwa nayo ni hiyo iliyokuwa chini, wifi. Imeshadekiwa. Iliyobaki si yangu."

Kabla ya jioni nikaambiwa nisirudi tena kazini.

Jumapili, 9 Machi

Kwenye ibada wifi alinipa ncha za vidole tu. Nilimpa zangu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Imeanza alfajiri, kubwa, ya kupiga bati mpaka hamsikilizani. Mume wangu alitoka akakinga ndoo, akarudi amelowa, akaniletea glasi iliyojaa bila kuambiwa. Akakaa kunitazama nikinywa. Fundi huyu maneno yameshamwisha, sasa anatengeneza kwa glasi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Picha. Daktari alizungusha kile kifaa ubavuni mwangu kwa muda mrefu, nikasoma kila sala ninayoijua na nyingine nikazitunga. Akasema, "Limeongezeka kidogo."

Nikafumba macho.

"Kidogo, mama. Ni zile siku za kiangazi, naona. Njia bado iko wazi na figo inafanya kazi. Ukiendelea hivi, na dawa na maji yote, tutalizuia hapo. Ukirudi kwenye vikombe vya kahawa, sikuahidi kitu."

Ni habari njema. Nimejilazimisha kuiita hivyo. Lakini nilitoka nje nikakaa kwenye benchi, nikawa nalifikiria jiwe lililoongezeka. Kile kidogo kina tarehe zake. Kiliongezeka siku nilizokuwa nashukuru.

Chiriku alitoka hospitali wiki jana. Kazi hana. Mimi pia sina. Tunatembeleana, tunakunywa maji kama watu walioalikwa karamu.

Jumapili, 30 Machi

Mvua tangu jana. Mchana mlango uligongwa, nikafungua, wifi. Kalowa, kanga ya kichwani imemgandia, mkono wa kushoto umeshika ubavu. Sikuhitaji kuuliza. Hivyo ndivyo mimi nilivyoshika wangu.

Mume wangu hakuwepo. Nikamkalisha.

"Tajiri kaleta msimamizi mwingine," akasema. "Mwanamume. Mimi kaniweka mezani." Akakamua pindo la kanga. "Meza yako, wifi."

"Na henga?"

"Anatembea nayo."

Akaanza kuyumba mbele na nyuma, kama tunavyoyumba. "Imenianza tangu juzi. Naomba pakiti moja tu ya ule unga. Moja."

"Unga sikupi. Kapimwe damu kwanza. Mumeo alikuachia presha ya mawazo, sijui vidonge gani unameza." Niliisikia sauti yangu, ilikuwa kavu. Nikaleta jagi, nikamjazia glasi. "Maji haya nakupa. Mvua ikitulia kaka yako atakupeleka hospitali."

Akanywa. Nikajaza tena, akanywa, kwa pupa, kama mtoto, maji yanamtiririka kidevuni. Kiganja chake kilikuwa juu ya meza. Kucha zangu hazipo tena, pamepona.

Tukakaa. Mvua inapiga. Nilitaka aseme neno moja. Si lazima liwe samahani, hata jina langu lingetosha. Nikamwona anabana magoti, anatazama mlango wa uani, anatazama sakafu. Anaijua nyumba hii. Amekuja humu kabla mimi sijaolewa humu. Lakini akakaa vilevile, mikono mapajani, mpaka akainua uso.

"Wifi," akasema, "naomba niende chooni."

Mungu wangu, wewe ulikuwepo. Nilichukua glasi yake, nikaifuta, nikaiweka. Nilimwacha pale, magoti yamebanana, muda wa kukunja shuka moja kubwa, ncha kwa ncha.

Kisha nikamwambia, "Nenda. Mlango haufungwi."

Usinisamehe bado, Mola. Muda ule wa shuka moja nitakuja kuuombea radhi mwenyewe, nikiwa tayari.